Mlango wa Duka la Programu na Riziki ya Waundaji wa Unguja

Programu ya kompyuta au ya simu ni bidhaa isiyo na uzito. Haisubiri meli bandarini Malindi, haiozi, wala haijazi ghala. Ikishaundwa, nakala ya pili haina gharama, na ya laki moja ni hivyo hivyo. Kwa kisiwa kama Unguja, ambacho mchele wake, saruji yake na hata simu zake huvushwa baharini, bidhaa ya namna hii ni neema ya aina yake. Kijana aliyeketi na kompyuta mpakato barazani Shangani, au katika chumba cha wanafunzi Tunguu, anaweza kuifikisha kazi yake kwa mtu aliyeko Muscat, Nairobi au Toronto kabla ya adhana ya magharibi.

Hata hivyo, kufika kwa bidhaa ni jambo moja, na kurudi kwa fedha ni jambo jingine. Kati ya muundaji na mtumiaji amesimama mwenye duka la mtandaoni, na nyuma yake wamesimama benki, kampuni ya simu, mamlaka ya kodi na nyaya zilizolala chini ya bahari. Kila mmoja anachukua sehemu yake au anaweka sharti lake. Riziki ya muunda programu hupimwa kwa kinachobaki baada ya wote hao kupita. Ndiyo maana usambazaji wa kidijitali umewainua baadhi ya watu upesi, na wengine ukawaacha na programu iliyopakuliwa mara elfu kumi lakini haimlipi mwenyewe hata bando la mwezi.

Enzi ya sidii

Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, programu zilifika Zanzibar zikiwa ndani ya kompyuta yenyewe au juu ya sidii. Sidii moja iliyonakiliwa iliweza kubeba mfumo wa kompyuta, programu za ofisi na michezo, ikauzwa kwa bei ya sidii tupu na jasho la aliyenakili. Mwenye haki aliyekuwa ng'ambo hakuona hata senti, na muundaji wa hapa hakuwa na rafu ya kuweka kazi yake. Aliyeandika programu ya hesabu za duka au ya mishahara aliibeba mwenyewe, kwanza kwa disketi, baadaye kwa flashi, akaenda hadi ofisi ya mteja, akaifunga na kulipwa mara moja. Kompyuta ikiingiwa na kirusi, alirudi kuitengeneza kwa shukrani tu.

Mambo mawili yaliigeuza hali hiyo karibu kwa wakati mmoja. La kwanza ni mkonga wa Seacom, uliowashwa Julai 2009 na kuiunganisha pwani ya Afrika Mashariki na dunia kwa nyaya za chini ya bahari. Kabla yake intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua. La pili ni maduka ya programu. Apple ilifungua App Store tarehe 10 Julai 2008 ikiwa na programu zipatazo 500. Miezi mitatu baadaye Google ikafungua Android Market, ambayo Machi 2012 ilipewa jina la Google Play. Upande wa michezo ya kompyuta, duka la Steam la kampuni ya Valve lilikuwa limetangulia tangu 2003.

Maduka haya yaliondoa gharama za sanduku, sidii, usafiri na wakala wa kila nchi. Yalileta pia jambo ambalo muundaji wa zamani hakuwahi kuwa nalo, yaani uwezo wa kurekebisha kosa mara moja na marekebisho yakawafikia watumiaji wote bila kubisha hodi kwa mtu. Kwa mara ya kwanza kazi ya Unguja iliwekwa kwenye rafu moja na kazi ya California.

Hesabu ya shilingi elfu tano

Rafu hiyo ina kodi yake ya pango. Google hutoza dola 25 mara moja kwa anayefungua akaunti ya muundaji. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Dola ikihesabiwa kwa Sh 2,500, ada ya Google ni Sh 62,500, na ya Apple ni Sh 247,500 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilichotangazwa mwaka 2022 kilikuwa Sh 347,000 kwa mwezi. Ada ya Apple peke yake inakula zaidi ya theluthi mbili za mshahara huo, na bado hakijauzwa kitu. Hii ni sababu moja ya vijana wengi kuanza na Android. Sababu ya pili ni kwamba simu nyingi mikononi mwa watu, kuanzia Tecno, Itel na Infinix hadi Samsung, ni za Android.

Baada ya ada huja kamisheni. Tangu mwanzo maduka yote mawili yalikata asilimia 30 ya kila mauzo. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, Apple ilianzisha Januari 2021 kiwango cha asilimia 15 kwa waundaji wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na Google ikafuata Julai mwaka huo huo kwa kutoza asilimia 15 katika dola milioni moja za kwanza. Kwa muundaji mdogo wa Unguja, kiwango cha kuhesabia ni hicho cha 15.

Tuchukue mfano. Mtu ameunda programu inayoonyesha kujaa na kupwa kwa maji na mwelekeo wa upepo, kwa ajili ya wavuvi wa Nungwi na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao kazi yao hufuata bamvua. Anaiuza Sh 5,000. Ikiwa bei hiyo imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, basi Sh 763 ni za kodi. Zinabaki Sh 4,237. Duka likikata asilimia 15, yaani Sh 636, muundaji anabaki na Sh 3,601. Ili arudishe ada ya Google tu, anahitaji wanunuzi 18. Hapo hajahesabu umeme, bando, wala miezi aliyokesha akiandika, na bado hajalipa kodi ya mapato yake mwenyewe.

Wazanzibari wanayo kumbukumbu ya soko lenye mnunuzi mmoja. Karafuu za Unguja na Pemba huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na mkulima hana ruhusa ya kumuuzia mwingine. Wakati wa uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein, kati ya 2010 na 2020, Serikali iliweka utaratibu wa kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Muunda programu anayelipa kamisheni ya asilimia 15 anaonekana kubakiwa na sehemu kubwa kidogo kuliko hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima wa karafuu anajua kituo kitazipokea karafuu zake na atalipwa. Muunda programu anaweza kuipeleka kazi yake sokoni, ikapokelewa, isinunuliwe na mtu hata mmoja, au ikaondolewa rafuni kwa barua pepe moja. Aliyeiondoa hana ofisi Vuga wala Mazizini ambako mtu angekwenda kulalamika.

Masharti nayo yameongezeka. Tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya Google Play anatakiwa aijaribishe programu yake kwa watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Idadi ilianza kuwa watu 20, na Desemba 2024 ikapunguzwa kuwa 12. Kampuni kubwa ina wafanyakazi wa kutosha kuifanya kazi hiyo. Kijana anayefanya kazi peke yake hulazimika kuwaomba ndugu, wanafunzi wenzake na marafiki wa makundi ya WhatsApp wamfungulie programu yake kila siku kwa wiki mbili. Sharti liliwekwa kuzuia utapeli, na lengo hilo lina haki yake, lakini uzito wake humwangukia zaidi aliye mdogo.

Mnunuzi asiye na kadi

Kikwazo kikubwa kuliko kamisheni kipo upande wa mnunuzi. Maduka ya programu yalijengwa katika nchi ambazo mtu mzima wa kawaida ana kadi ya benki. Zanzibar, na Tanzania kwa jumla, fedha za watu zimo ndani ya simu. Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, na mwaka huo huo Zantel, kampuni iliyoanzia Zanzibar, ilitoa Z-Pesa, ambayo baadaye iliitwa Ezypesa. Leo muuza samaki wa Darajani hupokea malipo kwa lipa namba, na mama aliyeko Makunduchi hutumiwa fedha na mwanawe pamoja na ya kutolea. Mtu huyo huyo, akifika mbele ya programu ya Sh 5,000 kwenye duka la mtandaoni na kuombwa namba ya kadi, anaifunga.

Hata akaunti yenyewe mara nyingi si yake kikamilifu. Mtu anaponunua simu Mlandege, fundi humfungulia Gmail papo hapo dukani, akaweka jina, akabuni nenosiri, akamwekea WhatsApp, Facebook na programu za fedha, kisha akamkabidhi. Mnunuzi anaondoka na simu inayofanya kazi, lakini hajui anwani ya akaunti wala nenosiri lake. Simu ikiharibika au ikipotea, hufunguliwa akaunti nyingine. Kwa muundaji, mteja wa namna hii hapatikani mara ya pili, kwa sababu hata kama aliwahi kununua kitu, ununuzi wake umepotea pamoja na nenosiri.

Kisha kuna njia ya mkono kwa mkono. Bando linapokuwa ghali na nafasi ya simu ikiwa finyu, watu hurushiana programu kwa Xender au Bluetooth bila kugusa duka. Programu husafiri kutoka Mwembeladu hadi Mkokotoni ndani ya siku moja, na hayo ni mafanikio ya usambazaji. Lakini nakala hizo hazionekani katika hesabu za duka, na programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli hairudishi kitu kwa mwenyewe. Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuwataka waundaji wote wathibitishe utambulisho wao, hata kwa programu zinazosakinishwa nje ya duka lake, ukianzia nchi chache mwaka 2026 na kuenea duniani baadaye. Mpango huo utapunguza matapeli, na wakati huo huo utaifikisha mamlaka ya mwenye duka hadi kwenye njia iliyokuwa nje ya mikono yake.

Kwa kuwa mauzo ya moja kwa moja ni magumu, wengi huitoa programu bure na kuweka matangazo. Njia hii ina mahesabu yake. Mtangazaji hulipa kulingana na mahali alipo mtazamaji na uwezo wake wa kununua, hivyo jicho la mtu wa Marekani lina thamani kubwa mnadani kuliko jicho la mtu wa Kiembesamaki. AdMob, huduma ya matangazo ya Google, haitoi malipo mpaka mapato yafike dola 100. Programu yenye watumiaji elfu chache wa hapa nyumbani inaweza kuchukua miezi mingi kuufikia mstari huo. Shindano lenyewe pia si la wenyeji tu. Aliyeunda programu ya nyakati za sala kwa ajili ya Unguja hukuta rafuni Muslim Pro ya Singapore, iliyokuwapo tangu 2010 na yenye mamilioni ya watumiaji duniani.

Upande wa kupokea fedha kutoka ng'ambo nao umekuwa mwembamba. Nchini Kenya, PayPal iliunganishwa na M-Pesa mwaka 2018, na mwandishi wa programu wa Mombasa akaweza kulipwa na mteja wa Ulaya na kuzitoa fedha kwenye simu. Kwa muda mrefu akaunti za PayPal za Tanzania zimekuwa za kulipia tu bila kupokea. Muundaji wa Unguja amelazimika kutumia uhamisho wa benki, wenye makato yake, au kupitishia fedha kwa ndugu aliye nje ya nchi, jambo linalomweka katika hatari na kuifanya biashara yake isiwe na kumbukumbu za kuonyesha benki anapotaka mkopo.

Mahali fedha zinapopatikana

Pamoja na vikwazo hivyo, wapo waunda programu wanaoishi kwa kazi hiyo, na wengi wao hawauzi programu dukani. Wanauza huduma. Hoteli ya Mji Mkongwe inahitaji mfumo wa vyumba, skuli binafsi inahitaji mfumo wa ada na matokeo, duka la dawa linahitaji kujua dawa ipi inakaribia kuisha muda wake. Mifumo hii haibebwi tena kwa flashi. Hukaa kwenye seva, mteja akaifungua kwa kivinjari na kulipia kila mwezi kwa lipa namba. Malipo ya mwezi ni madogo kuliko bei ya mara moja, lakini yanarudi. Wateja 20 wanaolipa Sh 50,000 kila mwezi humletea mtu Sh 1,000,000, bila kamisheni ya duka lolote na bila kusubiri dola 100 zitimie. Kazi ya kuutengeneza mfumo unapoharibika, iliyokuwa sadaka enzi za sidii, sasa imo ndani ya bei.

Kanuni za maduka yenyewe zimeusukuma upepo upande huo. Maudhui ya kidijitali yanayouzwa ndani ya programu, kama vile masomo, muziki au hatua za mchezo, kwa kawaida hutakiwa kulipiwa kupitia mfumo wa duka na kukatwa kamisheni. Bidhaa na huduma za kushikika hazikatwi. Tiketi ya boti ya Dar es Salaam, chakula cha kuletwa nyumbani, usafiri wa gari na chumba cha wageni huuzwa kwa njia yoyote ya malipo ambayo muundaji anaitaka, ikiwemo fedha za simu. Kwa hiyo muundaji wa Unguja anayetaka kutumia duka la mtandaoni bila kuliachia sehemu ya pato lake ana sababu nzuri ya kuunda programu inayouza kitu halisi.

Utalii ndio kitu halisi kikubwa kuliko vyote. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wageni hao wana kadi, wana simu nzuri na wamezoea kununua mtandaoni. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwatafutia malazi hufanywa na mitandao ya nje, nayo hukata kamisheni kutoka kwa mwenye hoteli kama vile duka la programu linavyomkata muundaji. Mwenye nyumba ya wageni wa Kiponda na muunda programu wa Kikwajuni wako katika shida moja, na wakikaa pamoja kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Somo la kumfuata mwenye uwezo wa kulipa linaonekana pia katika safari ya Nala, kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes. Ilianza kama programu ya kumwezesha mtu kutumia huduma za fedha za mitandao mbalimbali ya simu hata bila intaneti. Watu waliipenda. Hata hivyo baadaye kampuni iligeukia kuwahudumia Waafrika walioko Uingereza, na kisha kwingineko ng'ambo, wanaotuma fedha nyumbani. Anayeipakua leo yuko London au Chicago, anayenufaika yuko Dar es Salaam au Ng'ambo ya Unguja, na mapato hutoka katika muamala wenyewe. Umaarufu wa nyumbani uliifungulia njia, lakini biashara ilikwenda kuota kule kwenye kadi na mishahara.

Programu huria na mkate wa mradi

Ipo njia ya tatu ya usambazaji, ambapo msimbo hutolewa bure ili yeyote autumie na kuubadilisha. Hii ni programu huria, na Waswahili wana historia nayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu msimbo huria uliwaruhusu wataalamu kuutafsiri bila kumwomba mtu leseni.

Zanzibar ina mfano mzito zaidi katika afya. Tangu 2008 vituo vya afya vilianza kutoa taarifa za malaria kwa simu, na mwaka 2012 ikaanza kutumika Coconut Surveillance, programu huria iliyoundwa kwa ajili ya mpango wa malaria wa Zanzibar. Mgonjwa akipimwa na kukutwa na malaria, kituo hutuma taarifa kwa simu. Afisa wa malaria wa wilaya huiona kwenye kifaa chake, huenda kituoni, kisha hufuata njia hadi nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima waliomo. Majibu yote huandikwa humo humo hata pasipo mtandao, na hupanda kwenye seva mtandao unapopatikana. Katika mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000 katika shehia za Unguja na Pemba hutembelea nyumba wakiwa na simu yenye programu iliyojengwa juu ya msimbo huria wa shirika la Medic, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la D-tree.

Programu hizi haziuzwi, na hakuna duka linalozikata asilimia. Wanaozitengeneza hulipwa kwa kazi, si kwa nakala: kuunda, kufunza watumishi, kurekebisha, kulinda taarifa za wagonjwa. Kwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, au wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, ajira ya mradi kama huo ni mshahara wa uhakika na chuo cha pili kwa wakati mmoja. Ujuzi anaoupata unatambulika duniani kote, kwa kuwa msimbo wenyewe uko wazi na kila mtu anaweza kuiona kazi yake.

Udhaifu wake ni kwamba mkate huo hutegemea mfadhili. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa afya Tanzania, lilikoma kutekeleza miradi. Mradi ukifungwa, msimbo hubaki, kwani ni wa wote. Mshahara wa anayeutunza haubaki. Serikali inayotaka mfumo wake wa afya uendelee kufanya kazi inapaswa kumweka mtunzaji huyo katika bajeti yake yenyewe, kama inavyomweka fundi wa mashine ya eksirei.

Nyaya za chini ya bahari

Biashara ya kidijitali ya kisiwani ina tegemeo jingine ambalo halionekani kwa macho. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 laini hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 iliharibika tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Miezi hiyo mitatu ilikuwa ya jenereta kwa aliye nayo na ya kukaa bure kwa asiye nayo. Waya mpya umewekwa tangu wakati huo, lakini funzo limebaki.

Intaneti nayo ina historia yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi kwa siku kadhaa. Kwa msomaji wa habari hayo ni usumbufu. Kwa anayefanya kazi kwa mteja wa mbali ni ahadi iliyovunjwa, na kwa mwenye mfumo wa kulipia kila mwezi ni simu za wateja ishirini wanaouliza kwa nini duka lao halifunguki. Mteja wa ng'ambo hatofautishi kati ya uzembe wa mtu na ajali ya mkonga. Anatafuta mwingine. Ndiyo maana waundaji makini huzijenga programu zao ziweze kufanya kazi bila mtandao, kama ilivyo Coconut, na huweka laini za mitandao miwili katika simu moja.

Sheria, sera na mlango unaofunguka

Zanzibar ina vyombo vyake vya kumlinda muundaji, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 ndiyo msingi wa ulinzi huo, na COSOZA ndiyo ofisi inayohusika. Biashara na kampuni husajiliwa na BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Usajili ni mzigo kwa anayeanza, lakini huyageuza makubaliano ya barazani kuwa mkataba, na humwezesha mtu kufungua akaunti ya duka kwa jina la kampuni na kuomba zabuni za Serikali.

Agosti 2022 Serikali, pamoja na kampuni ya Wasoko, ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar kwa nia ya kuvuta kampuni za teknolojia kuja kuweka makazi Unguja, hasa katika mji mpya wa Fumba. Kampuni kama hizo huleta ajira na wataalamu wa kujifunza kwao. Kipimo cha haki cha mpango wa aina hii ni idadi ya vijana wa Jang'ombe, Chwaka na Kizimkazi watakaopata kazi ndani yake, na idadi ya kampuni za wenyeji zitakazopewa kazi na hao wageni. Kuhusu kodi, Tanzania ilianza Julai 2022 kutoza asilimia 2 ya mapato ya kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini. Fedha hizo zingeweza kurudi kwa njia ya mafunzo na intaneti nafuu.

Duniani, mlango uliokuwa mmoja umeanza kupata nyufa. Korea Kusini ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuyazuia maduka makubwa kulazimisha mfumo wao wa malipo. Umoja wa Ulaya ulianza Machi 2024 kutekeleza kanuni inayoilazimu Apple kuruhusu maduka mengine katika simu zake. Nchini Marekani, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2020 na Epic Games, mwenye mchezo wa Fortnite, mahakama iliamua Aprili 2025 kwamba Apple isiwazuie waundaji kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za malipo. Amri hizo zina nguvu kule zilikotolewa tu. Hakuna hata moja inayomfikia mkulima wa mwani wa Paje anayetaka kulipia programu ya maji kwa fedha za simu, wala aliyeiunda.

Hapo ndipo penye kazi ya Afrika Mashariki. Soko la watu wanaolipa kwa simu, kuanzia Mombasa hadi Kigoma, ni kubwa kwa idadi ya watu kuliko soko la nchi nyingi zilizokwisha kusikilizwa na Apple na Google. Kampuni za simu zikifungua mifumo yao ya malipo kwa waundaji wadogo kwa gharama nafuu, na wadhibiti wa nchi hizi wakayataka kwa sauti moja maduka ya programu yapokee fedha za simu za mitandao yote, shilingi elfu tano ya mvuvi wa Nungwi itamfikia aliyeifanyia kazi.

Sehemu nyingine ya kazi ni ya msomaji mwenyewe. Mwenye hoteli anayehitaji mfumo amtafute kwanza muundaji wa kisiwani na amlipe kwa mwezi, si kwa ahadi. Mzazi asihesabu kazi ya mwanawe kuwa mchezo wa kompyuta. Mwenye simu akiikuta programu ya mwenyeji inayomfaa, aipakue dukani badala ya kurushiwa, aiandikie maoni ya kweli, na ikiwa ina bei, ailipie. Programu haina uzito, lakini mtu aliyeiunda anakula, anapanga nyumba na anasomesha.